Labeka Katikati ya Wimbo

Hakuna aliyemwona akija. Mji ule haukuwa na watu wa kuja wala wa kuondoka. Ulikuwa na watu waliopo, basi. Kwa hiyo mwanamke mzee aliposimama mlangoni pa Nyumba ya Sasa, amejitwika redio kaseti kubwa iliyofungwa kwa kanga kama mtoto mwenye homa, akabisha hodi, msichana aliyeitwa Sikudhani alifikiri sauti ile imetoka ndani ya kanda aliyokuwa anaifuta.

"Hodi jamani! Wenyewe mpo?"

"Karibu, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Nipokee kwanza, mwanangu, salamu zingine zitafuata. Shingo inakatika."

Sikudhani akaruka kitini akampokea. Redio ilikuwa nzito, na kwenye vitufe vyake paliganda vumbi jekundu. Mjini hapakuwa na vumbi jekundu.

"Bibi umetokea wapi?"

"Jana," alisema yule mwanamke, akijifuta jasho kwa ncha ya mtandio. "Njia mbovu, lakini inapitika."

Pembeni Shamte akaangua kicheko. Shamte ndiye aliyekaa na swichi kuu ya vipaza sauti vya mji, mtu wa makamo mwenye tumbo la heshima, na kazi yake ilikuwa kuhakikisha swichi ile haizimwi. Kwa kuwa haikuwahi kuzimwa, alikuwa na nafasi kubwa ya kucheka.

"Jana ndiyo wapi, mama? Huku nyuma ya soko?"

"Ungekuwa unapajua usingeuliza na meno nje," alijibu mgeni, na Shamte akacheka zaidi, maana alipenda watu wanaojibu.

Jua la mji ule lilisimama utosini na halikusogea. Vivuli havikuwepo, hivyo mafundi wa manispaa walipita wakivichora kwa masizi chini ya kuta na nguzo, ili macho ya watu yapate pa kupumzika. Nyumba zilipakwa chokaa kabla hazijachafuka. Juu ya kila nguzo palikuwa na kipaza sauti, na kila kipaza sauti kilisema jambo lile lile, kwa upole, kwa sauti ambayo haikuwa ya kiume wala ya kike: Ndugu wananchi, ni sasa. Endeleeni. Na wananchi waliendelea. Hakuna aliyejua umri wake. Sikudhani alikuwa amehitimu chuo, na kwenye cheti chake, mahali pa tarehe, paliandikwa Sasa, kama kwenye vyeti vya wenzake wote. Akapewa kazi ya kufuta. Watu walileta kanda walizozikuta uvunguni na juu ya makabati, zenye sauti wasizojua ni za nani, naye alizipitisha juu ya sumaku kubwa ya duara mpaka zikabaki tupu; kisha juu ya utupu ule ikarekodiwa ile Sauti. Hakuwa mtu mbaya. Alizifuta kwa upole, kama mtu anayefumba macho ya maiti, na mara nyingine alijiuliza, bila kumwambia mtu: hivi kama kila kitu ni sasa, mimi nilianza lini?

Mgeni alijitambulisha kwa jina la Bi Mize. Alikuwa amesikia kwamba katika mji huu kuna chumba kisichoingia sauti.

"Kipo," Sikudhani alisema. Ni chumba chake cha kufutia. Kuta zake zilipigiliwa magodoro ya sufi, ili sauti zinazofutwa zisitoroke kwenda barabarani.

"Nina kanda nataka kuinakili. Mnanakili vipi huku?"

"Hatunakili, bibi. Tunafuta."

"Sisi tunaweka redio mbili zitazamane, moja inasema, nyingine inasikiliza, na watu wote mnafunga midomo. Redio yangu ya pili imenifia njiani." Alitoa kanda kifuani, ina joto la mwili wake, akaiweka katika kiganja cha Sikudhani na kukifunga kiganja kwa mikono yake miwili. "Nitunzie hii. Naenda kutafuta redio nyingine. Usiifute."

"Siifuti."

"Ahadi?"

"Ahadi, bibi."

"Basi nitarudi kesho."

Shamte alipaliwa na chai. Neno lile hakuna aliyelitumia pale. Bi Mize alishuka ngazi, akatembea katikati ya barabara nyeupe, na ilimchukua Sikudhani muda kutambua kilichomshangaza katika mwendo wake: alitembea kama mtu mwenye mahali pa kufika.

*

Aliahidi kutoifuta. Hakuna aliyemwambia asiisikilize.

Jalada lilikuwa na picha ya fotokopi, fotokopi ya fotokopi nyingine, mpaka nyuso za watu wanne zikageuka mabaka meupe na meusi. Kilichosalia ni kola zilizosimama, nywele zilizosimama kuliko kola, na macho yaliyotiwa wanja, hata ya wanaume. Mtu alikuwa ameandika kwa kalamu ya bluu: Vioo vya Kesho. Na chini yake, kwa herufi ndogo: muziki wa wimbi jipya. Karatasi yenyewe ilikuwa imegeuka rangi ya chai. Sikudhani aliitazama muda mrefu. Jambo gani hili, linajiita jipya na huku limezeeka hivi? Na kama limezeeka, mbona halijaacha kujiita jipya?

Akaitia kwenye redio aliyoiacha Bi Mize, akabonyeza.

Kwanza ikaja ngoma. Haikuwa ngoma ya mikono. Ilikuwa ngoma ya mashine, kavu, isiyopanda wala kushuka, kama mtu mvumilivu anayegonga mlango anaoujua utafunguliwa. Kisha gitaa la besi likaingia likitembea, halina haraka, mikono mfukoni. Halafu kinanda cha umeme, sauti nyembamba za baridi, zinazometa kama mabati mapya yanayoonekana kutoka mlimani. Mwisho akaja mwimbaji, akiimba kwa lugha ya ng'ambo ambayo Sikudhani hakujua hata neno lake moja, na sauti yake ilikuwa na huzuni ya mtu aliyevaa vizuri na hana pa kwenda.

"Nini hicho?" Shamte aliuliza, akachungulia, na hapo wimbo ukamkamata.

Sikudhani aliliona kwa macho yake. Tumbo la Shamte lilirudi ndani kama kobe. Nywele zikaota kwenye upara, zikapanda, zikawa kichaka. Suruali yake ikapanuka chini. Kijana mwembamba alisimama pale mlangoni, akajitazama mikono, akajishika kiuno.

"Bibi wee!" alisema kijana yule kwa sauti ya Shamte. "Kiuno changu! Kilikuwa wapi?"

Akaanza kucheza, vibaya sana, kwa furaha sana.

Ndipo Sikudhani akajua kanuni ya kanda ile: ukiisikia, unarudi katika umri uliokuwa nao siku ilipoimbwa. Akajitazama yeye. Vidole vyake vilikuwa vinafifia. Kupitia kiganja aliona meza. Kupitia goti aliona sakafu. Alipotea taratibu kama mvuke kwenye kioo, maana siku wale wanne walipoimba, yeye hakuwa amezaliwa. Aliogopa. Lakini jambo moja halikupotea: alikuwa bado anasikia. Hakuwa na mkono wala uso, ila sikio lake lilibaki hewani, limejaa. Akawaza: basi huenda kabla ya kuzaliwa mtu ni sikio tu, limekaa mahali, linasubiri.

Na hapo, katikati ya wimbo, pale ngoma inaponyamaza na kinanda kubaki peke yake, kitu cha chuma kilianguka sakafuni, *ting*, na sauti changa, ya karibu kabisa, ikasema:

"Labeka!"

Kisha ngoma ikarudi, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mama yake alimfundisha neno lile kabla ya kumfundisha kuvaa viatu. Ukiitwa, unaitika. Unaitika labeka, hata kama uko chooni, hata kama umenuna, kwa sababu mtoto asipoitika watu wanaacha kumwita, na baadaye wanaacha kumwekea chakula. Na sasa mtu wa ng'ambo, mwenye kola iliyosimama na wanja machoni, aliyeimba kwa lugha isiyojulikana, alikuwa ameacha wimbo wake katikati na kuitika kwa lugha yake yeye Sikudhani. Alikuwa amemwitika nani? Hakuna aliyemwita. Hakuna, isipokuwa yeye, aliyekuwa akiuliza kimoyomoyo juu ya sumaku: mimi nilianza lini?

Wimbo ulipokwisha mwili ulimrudia. Uso wake ulikuwa umelowa machozi. Shamte, tumbo limemrudia, alikuwa ameketi sakafuni anahema.

"Usirudie," alisema. Kisha akasema, "Hebu rudia."

*

Alirudia. Tusimhukumu. Mtu anayeonja chumvi mara ya kwanza hali kwa kiasi.

Alirudia mpaka wimbo ukaanza kupiga wenyewe ndani yake, akiwa anafua, akiwa anakata vitunguu, akiwa anapokea kanda dirishani na kusahau kusema asante. Alisimamisha kola ya gauni lake kwa uji wa muhogo. Alijipaka wanja mpaka masikioni. Nyumbani alijizoeza kuangusha kijiko pale pale panapostahili, kwa kuwa aliamini chuma kile kilichoanguka ni kijiko, nacho ni sehemu ya wimbo, kwamba katika bendi ile, pamoja na mpiga besi na mwanamke wa kinanda, ambaye pichani hata macho yake hayatabasamu, palikuwa na utaratibu wa kijiko.

"Mwenzetu kapatikana," Shamte alisema. "Nawe umeolewa na fotokopi."

"Wewe sikiliza kinanda, Shamte. Sikiliza kinavyosubiri."

"Kinasubiri nini?"

"Sijui. Ndiyo maana nasikiliza."

"Na ile labeka?"

"Wanajibu."

"Wanamjibu nani?"

Hakumwambia. Kuna mambo ukiyataja mbele ya mtu wa makamo anayekula kashata yanapungua.

Nimechelewa. Hilo lilikuwa neno lake alipokuwa peke yake, na alikuwa peke yake hata katikati ya watu. Nimechelewa. Walipopanga vyombo vyao jukwaani, sikuwepo. Mtu alipoicheza kanda hii mara ya kwanza na majirani wakagonga ukuta, sikuwepo. Wamekwisha kuimba, wamekunja nyaya, wameachana, labda wamezeeka, labda wamekufa, nami ndiyo kwanza nasema subirini. Mtu anaweza kuchelewa kazini. Anaweza kuchelewa mazikoni. Je, mtu anaweza kuchelewa kupenda? Taa ikiwashwa mbali, mwanga unaponifikia mimi, ni mwanga wa zamani au ni mwanga? Mimi nauona. Macho yangu yanauma kwa sababu yake. Macho yangu hayaumi jana. Labda jipya si kile kilichotengenezwa karibuni. Labda jipya ni mlango, na kila anayepita anapita mara ya kwanza. Labda. Lakini kama waliniitika, walijua? Walijua kwamba nitakuja?

Alianza kuwaona mitaani. Hakuwaona wenyewe, aliona vivuli vyao. Chini ya ukuta wa shule palikuwa na vivuli vinne ambavyo hakuna fundi aliyevichora, virefu, vyenye nywele zilizosimama. Alipokaribia, vilikata kona. Akavikuta tena karibu na kinu cha nafaka, vikakata kona. Alikimbia akiwa na kikapu cha nyanya, nyanya zikimwagika kwenye chokaa, akipaza sauti, "Samahani! Samahani, nina swali moja tu!" na watu wakasimama kumtazama, na vipaza sauti vikasema kwa upole: Endeleeni. Hakuna hata kivuli kimoja kilichogeuka. Wale aliowapenda walikuwa daima ndio kwanza wameondoka.

Siku si neno la kutumia katika mji ule, kwa hiyo tuseme tu kwamba baada ya kurudia na kurudia, Sikudhani alifungua mlango mdogo wa redio ili asafishe kwa pamba kile kichwa kinachosoma kanda, na pamba ikatoka na unga wa kahawia. Aliushika kwa kidole. Ulikuwa laini kama poda. Akaelewa: kila alipousikiliza, wimbo ulikuwa unakwanguka. Aliusikiliza tena kwa hofu, na kweli, kinanda kilikuwa kimekonda, besi lilichechemea, na labeka ilisikika kana kwamba imesemwa kutoka chumba cha pili. Aliahidi kutoifuta. Kumbe alikuwa anaifuta, kwa mapenzi, bila sumaku.

Aliitoa kanda, akaifunga ndani ya leso, hakuigusa tena. Huko kutoigusa ndiko kulikomkondesha.

*

Bi Mize alirudi na redio ya pili kichwani. Alikuwa mzee kuliko alivyoondoka, au njia ilikuwa mbovu zaidi kurudi.

"Nimeichakaza, bibi," Sikudhani alisema kabla ya salamu. "Sikuifuta, lakini nimeisikiliza mpaka imechakaa. Nisamehe. Ile sehemu wanayoitika labeka..."

Bi Mize alimtazama. "Wanaoitika akina nani?"

"Bendi. Pale kijiko kinapoanguka."

Mwanamke yule aliweka redio chini. Mabega yakaanza kumtikisika, na Sikudhani alidhani analia; alikuwa anacheka, kicheko cha mtu ambaye hajacheka kitambo, kinatoka kwa kukwaruza.

"Mwanangu! Yule ni Kombo. Ni mdogo wangu."

"Kombo yuko kwenye bendi?"

"Kombo yuko kwenye kitanda cha kamba, chumbani kwetu, anakula uji! Kanda ile niliinakili mimi. Niliazima ya jirani, nikaweka redio zitazamane, nikatandika blanketi dirishani, nikamwambia Kombo, nyamaza, ukikohoa nitakumeza. Akaniahidi. Akakaa kimya, maskini, hata kumeza hamezi. Basi mama akamwita kutoka uani. Mama yuko mbali, redio haikumnasa. Lakini Kombo kaitwa na mama. Afanyeje? Kijiko kikamtoka, akaitika."

Shamte alijipiga paja. "Angeacha kuitika, angekula kofi."

"Kaitika, kala kofi langu. Nilimwambia umeniharibia wimbo." Kicheko kilikuwa kimemwisha. "Baadaye wakapita watu wakakusanya vijana, Kombo akaenda nao. Hakurudi. Picha yake hatuna. Wimbo huu, mwanangu, mimi hata siupendi sana. Mwimbaji analalamika mno. Lakini humu ndimo mahali pekee duniani ambapo mtoto yule akiitwa anaitika."

Sikudhani aliketi. Masikio yalimwaka kwa aibu. Hakuna aliyemwitika, basi. Wale wanne hawakuwahi kumjua. Ilikuwa sauti ya mtoto mwenye uji mdomoni, anamjibu mama yake. Alisubiri moyo wake uvunjike. Haukuvunjika, ulifanya jambo jingine, ulipanuka ukamwingiza Kombo, na kitanda cha kamba, na blanketi dirishani, na mama aliye mbali.

"Anaimba nini lakini?" aliuliza. "Yule mwimbaji. Maneno yake."

"Sijui. Hakuna kati yetu aliyejua. Tuliimba hivyo hivyo."

Bi Mize aliivuta kanda kidogo, akautazama utepe kwenye mwanga. "Umebakisha kupita mara moja," alisema. "Ikishapita hii, basi. Sikulaumu. Uliahidi kutoifuta na hukuifuta. Sasa niahidi jingine. Wimbo ukianza, hakuna sauti. Usikohoe. Usilie kwa sauti. Chochote kitakachotokea humu ndani, usiseme neno, maana neno lako litakaa juu ya la Kombo na halitatoka tena."

"Naahidi."

Lilibaki suala la Shamte. Magodoro ya sufi yalizuia sauti za watu, ila Sauti yenyewe ilipenya popote, ilipita sakafuni. Wote wawili walimgeukia.

"Msinitazame hivyo," alisema. "Swichi hii haijazimwa tangu... haijazimwa. Wakija wakiniuliza?"

"Waambie ni sasa," Sikudhani alisema. "Waambie waendelee."

Shamte alitafuna ulimi wake. Kisha akashika swichi kwa mikono miwili, kama mtu anayeshika pembe za ng'ombe, akaivuta chini.

Mji wote ulinyamaza. Barabarani watu walisimama na mguu mmoja hewani. Ilisikika, mara ya kwanza, kwamba mji ule ulikuwa na mbuzi.

Redio mbili zikatazamana juu ya meza. Bi Mize akabonyeza hii, akabonyeza na ile.

Ngoma ikaanza, imechoka lakini iko. Shamte akawa kijana, akasimama wima bila kucheza, mkono kwenye swichi, jasho linamtiririka. Bi Mize akawa msichana mwenye nywele za matuta matatu, magoti yamekutana, kidole midomoni. Na Sikudhani akafifia. Zikaenda ncha za vidole, ukaenda uso, mpaka likabaki sikio na ahadi.

Ndipo mlango wa chumba ukafunguliwa bila mlio. Aliingia yule mwanamke wa kinanda. Hakuwa fotokopi. Alikuwa na mabega mapana ya koti, wanja, kovu dogo kidevuni ambalo hakuna nakala iliyoweza kulihifadhi. Nyuma yake, koridoni, wenzake watatu walisubiri, na mara hii hakuna aliyekuwa anakata kona. Alitazama moja kwa moja mahali ambapo Sikudhani hakuonekana.

"Sikudhani," aliita.

Sauti yake haikugusa redio. Ilisikika tu pale ilipotakiwa kusikika.

"Sikudhani. Tumesikia unatuita barabarani. Tumerudi. Itika tu. Ukiitika, utakuwa ulikuwepo. Kuna nafasi kati yangu na besi. Hutakuwa umechelewa tena."

Wimbo ulifika pale ngoma inaponyamaza. Kinanda kilibaki peke yake, hapa chumbani na pale mlangoni, na Sikudhani alijua kinachofuata, alikijua kuliko jina lake. Neno lilikuwa tayari limepanda. Lilikuwa kooni, kwenye ulimi, nyuma ya meno. Mwili wake usiokuwepo wote ulikuwa neno hilo moja. Ameitwa. Mtu akiitwa, anaitika. Yule mwanamke aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu aliye tayari kusikia.

*Ting.*

"Labeka!" alisema Kombo.

Na Sikudhani alifunga mdomo wake, ambao hakuwa nao, kwa mikono yake, ambayo hakuwa nayo, na akanyamaza.

Mwanamke wa kinanda alisubiri mpaka ngoma iliporudi. Hakukasirika. Alimtazama kama mtu anavyotazama nyumba aliyotaka kuingia akawakuta wenyewe wanaswali. Kisha akatoka, mlango ukajifunga, na hatua za wale wanne zikaenda zikipungua, sambamba na wimbo, ambao nao ulikuwa unapungua, mpaka vyote vikaishia mahali pamoja.

Kitufe kiliruka. Ndani ya redio ya kwanza utepe ulikatika, ukajikunja kama unyasi uliopitiwa na moto.

*

Shamte alikuwa wa kwanza kupumua. Upara ulikuwa umemrudia. "Mbona unalia, mwenzangu? Si imetoka salama?"

"Niliitwa," Sikudhani alisema.

"Na hukuitika?"

"Niliahidi."

Shamte alinyoosha mkono kwenye swichi, akaurudisha. Akaiacha swichi chini, kama ilivyo.

Bi Mize alirudisha nakala nyuma kidogo na kuisikiliza kwa sauti ndogo, sikio karibu. Kijiko. Labeka. Kisha wimbo, na juu ya wimbo hakuna kitu, hakuna hata pumzi ya mtu. Aliitikia kwa kichwa polepole. Akaitoa kanda hiyo mpya redioni, akavunja kwa ukucha vile vikonyo viwili vya plastiki mgongoni mwake, ili asije mtu yeyote, popote, akarekodi juu yake. Akaiweka kifuani, akajitwika redio zake mbili, moja juu ya nyingine, akamshika Sikudhani shavuni kwa kiganja kikavu, akashuka ngazi.

Basi, imekwenda. Sikudhani alisimama dirishani akaisikiliza inavyokwenda. Hakuwa na kanda, hakuwa na bendi, hakuwa na nafasi kati ya kinanda na besi. Alikuwa na kola iliyosimama. Alikuwa na wimbo kichwani, umekosewa kidogo hapa na pale, na alipouanza kwa mdomo aligundua kwamba vidole vyake havififii. Barabarani watu bado walikuwa wamesimama, wanasikiliza mbuzi. Chini ya nguzo, kandokando ya kivuli cha masizi, kilikuwa kimetokea kivuli kingine, chembamba kama uzi, na hakuna fundi aliyekuwa karibu.

Bi Mize alikuwa amefika mwisho wa barabara, pale ambapo chokaa inaisha. Akageuka, redio zimetulia kichwani. Akaweka mikono mdomoni.

"Sikudhani!"

"Labeka!" Neno lilitoka lote, lile la sasa na lile alilolimeza, likapita juu ya mabati na kuta nyeupe, na hapakuwa na kipaza sauti cha kulifunika. "Labeka, bibi!"

Bi Mize hakusema kitu kingine. Alipunga mkono, akaendelea na safari. Alikuwa anataka tu kujua kama yupo.